Msiba wa Mnunuzi Unaisha Lini?

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele.
Jumapili, 14 Septemba.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na kabla hujauliza: huku ni wazima. Mama ni mzima kutuzidi. Lile jino lililokuwa likimsumbua lilitoka lenyewe Jumanne akila mkate. Akaliweka kando ya kisahani na kuendelea kula. Mimi kifua kimepona, ingawa mhariri wangu anadai bado nakohoa kila anapoanza kuongea, na sijamkanushia.

Wewe je? Goti linaendeleaje? Fundi wa lifti anayepanda ngazi kwa goti bovu ni habari ambayo ningeiweka ukurasa wa kwanza kama usingekuwa ndugu yangu. Wifi ameizoea baridi? Na wale mapacha, bado wanajibizana kwa lugha ya huko ili msiwaelewe?

Sasa nije kwenye ulichoniagiza. Uliposema kwenye simu, "Usiniletee matumaini ya ndugu, niletee ulichoona," nilikuelewa. Hati ya nyumba hii ina majina matatu: lako, langu na la Kitinda wetu. Kitinda anataka mkopo wa benki ili atimize oda ya vifungo kutoka ng'ambo. Benki ilitaka nyumba iwe dhamana. Yeye alikuwa tayari kutia sahihi siku ile ile, mimi nikasema namsubiri kaka. Kisha yakaja haya maneno mapya, kwamba kuna ofisi ya serikali inayoweza kusimama mahali pa nyumba, nawe ukauliza tangu lini serikali ikawa mjomba wa mtu. Swali hilo lilinikaa kichwani. Nimekuwa nikilifuatilia tangu mwezi uliopita, jioni na siku zangu za mapumziko, na haya ndiyo niliyoyaona.

Nilianzia karakana. Hujaiona tangu waihamishe kutoka hapa uani. Iko nyuma ya gereji ya matairi: chumba kirefu, bati linavuja upande mmoja, na upande huo ndiko walikoweka mapipa ya maji kwa makusudi. Pembe za ng'ombe zinaletwa kwa magunia kutoka machinjioni. Zinachemshwa mpaka zilegee, zinapasuliwa, zinabanwa kati ya vyuma viwili mpaka zilale bapa, kisha zinakatwa viduara kwa mashine ambayo Kitinda anaifokea kama mtoto mtukutu. Vinatobolewa, vinazungushwa ndani ya pipa lenye maranda ya mbao siku nzima, na vinatoka vinang'aa kama macho. Harufu sitakusimulia. Niliporudi nyumbani Mama alinipokea mlangoni akasema, "Koti liache nje. Nawe pia, ukiweza."

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba hakuna kifungo cha pembe kinachofanana kabisa na mwenzake. Kimoja kina ukungu mweupe, kingine kina mstari wa kahawia, kingine ni cheusi mpaka kinakutazama. Koti moja linataka seti inayoendana. Kwa hiyo kuna wanawake wanne wanaokaa karibu na dirisha, mbele yao meza yenye kitambaa cheupe, kazi yao kuoanisha tu. Mmoja aliniambia anaoanisha vifungo vizuri kuliko wazazi wake walivyomwoanisha yeye. Wenzake walicheka bila kuinua vichwa. Wote pamoja, watu tisa wanapata riziki katika chumba kile.

Mnunuzi ana kiwanda cha makoti, katika nchi ambayo si yetu wala si yako. Mzigo wa kwanza ulikuwa mdogo na Kitinda aliugharimia kwa akiba yake. Mnunuzi akaupenda, akaagiza mara nne ya ule. Shida ni kwamba analipa miezi mitatu baada ya mzigo kufika. Machinjioni hawangoji miezi mitatu, na wale wanawake wa dirishani hawali vifungo. Pengo hilo ndilo mkopo unalotakiwa kuziba.

Ofisi yenyewe iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Nilikwenda na Kitinda na mumewe. Shemeji humjui sana, maana harusi yao ulikuwa umeshaondoka, kwa hiyo nikueleze: ni mtu anayekipa pole hata kiti alichojigonga nacho. Pale karakana wanamwita Bwana Pole, naye anaitika.

Afisa aliyetupokea ni mama wa makamo mwenye jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na moja ya kukutazamia. Nilimwuliza lile swali lako kama lilivyo, kwamba serikali imekuwa mjomba tangu lini.

"Mjomba hatozi ada," alisema. "Sisi tunatoza."

Akanieleza, nami nakueleza kwa mpangilio wake kwa sababu sikuona ulio bora zaidi. Kuna vitu viwili, na watu huvichanganya. Cha kwanza ni dhamana: Kitinda akishindwa kuilipa benki, ofisi inailipa benki sehemu kubwa ya deni, kisha inamfuata Kitinda polepole. Cha pili ni bima: mnunuzi wa nje asipomlipa Kitinda, ofisi inamlipa Kitinda asilimia themanini na tano ya mzigo. Dhamana inamtazama dada yetu, bima inamtazama mteja wake. Benki ikiviona vyote viwili, haina haja ya nyumba. Ada ya bima haifiki moja katika kila mia ya mauzo.

Nikamwuliza kwa nini wasilipe mia kwa mia.

"Kwa sababu asiye na chake cha kupotea hulala mapema," alisema. "Hiyo kumi na tano namwachia ili akeshe."

Na ofisi inajuaje habari za mtu aliye mbali hivyo? Hapa ndipo udadisi wangu ulipopanda. Wana mawakala katika nchi nyingi wanaouza habari za wafanyabiashara kama mimi ninavyouza habari za madiwani. Kumbe Kitinda alishakata bima hapo tangu mzigo wa kwanza, na kabla ya kumkatia walikuwa wameshamchunguza mnunuzi. Afisa alivaa miwani ya kusomea akatuambia: mwenye vitambaa hulipwa kwa wakati, mwenye nyuzi huchelewa kidogo, mwenye vifungo hulipwa mwisho. Si kwake tu, ni desturi ya kazi nzima ya makoti. Vitambaa vikikosekana kiwanda kinasimama. Vifungo vikichelewa, koti linangoja limetundikwa.

Kisha akauliza jambo ambalo sisi tulidhani ni la kupitisha tu. "Ule mzigo wa kwanza ameshalipa?"

"Bado," Kitinda alisema. "Ulipaswa kulipwa mwanzoni mwa Julai. Alifiwa na baba yake."

"Alisema atalipa lini?"

Kitinda akamtazama mumewe. Shemeji akajiweka sawa kitini, uso umejaa huruma kana kwamba marehemu yuko chumbani.

"Alinipigia mwenyewe," alisema. "Nikamwambia pole sana bwana, mambo ya pesa yaache, utalipa msiba ukiisha."

Afisa akavua miwani ya kusomea, akavaa ile nyingine. "Msiba unaisha lini?"

"Samahani?"

"Tarehe, baba. Msiba unaisha tarehe ngapi?"

Shemeji akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Afisa hakuwa na hasira. Alieleza kwamba bima inamruhusu muuzaji kumwongezea mnunuzi muda wa siku sitini kwa hiari yake, bila kuomba ruhusa ofisini, mradi muda huo uwe na mwisho unaojulikana. Muda usio na mwisho si nyongeza, ni mkataba mpya, na mkataba mpya wao hawakuukatia bima. Siku sitini zilikuwa zinakwisha Jumatano ya wiki iliyofuata. Ikifika siku hiyo bila tarehe ya malipo kutoka kwa mnunuzi mwenyewe, bima ya mteja yule imekufa, na dhamana nayo ofisi haitaitoa kwa oda ya mteja asiye na bima. Benki itarudi kwenye hati ya nyumba.

"Na msimwambie mnunuzi kwamba deni lake lina bima," aliongeza tukiwa mlangoni. "Mtu akijua yupo wa kumlipia, hukaa kitako."

Tulishuka ngazi hadi usawa wa magodoro, Kitinda akasimama. "Nilikuchagua mwenyewe," akamwambia mumewe. "Hakuna wa kumlaumu."

"Mtu amefiwa na baba! Nimdai?"

"Usingemdai. Ungesema pole na Ijumaa ya tarehe fulani."

Tulikula pamoja hapa kwa Mama jioni ile. Swali la afisa likawa limekaa nasi mezani kama mgeni wa tano. Shemeji alisema tuhesabu siku za matanga. Kitinda akamwuliza, matanga ya kwao au ya kwetu? Mama alikuwa akimenya chungwa. "Msiba hauishi," alisema. "Watu ndio hutawanyika."

"Umesikia?" Shemeji akamwambia mkewe.

"Nimesikia. Nenda kamwambie afisa aandike hivyo."

Ilibidi mtu ampigie simu mfiwa na kumwuliza amemaliza kulia lini. Shemeji aliapa hawezi, afadhali auze mashine. Kitinda alisema akipiga yeye atagombana, na mteja anayegombezwa hatafuti vifungo tena hapo. Wote wakanitazama mimi. Kuwauliza wafiwa ndiyo kazi niliyoifanya miaka yangu ya kwanza gazetini, kaka, ajali za barabarani na mioto ya masoko, na nilichojifunza ni kwamba mfiwa mara nyingi yuko tayari kusema kabla aliyekuja kumwuliza hajawa tayari kuuliza.

Nilipiga asubuhi iliyofuata kutoka karakana. Walizima mashine na lile pipa la maranda, wanawake wa dirishani wakajifanya wanaoanisha. Tuliongea kwa lugha ya biashara ambayo si yake wala si yangu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na ufasaha wa kumshinda mwenzake. Nikampa pole ya baba. Akashukuru. Nikamwuliza mzee alikuwa mtu wa namna gani, naye akasema alikuwa mkata vitambaa, alianza kiwanda kile na mkasi mmoja. Halafu nikamwuliza waziwazi. Nilisema shemeji yangu alimwahidi kungoja mpaka msiba uishe, na sisi huku hatujui desturi ya kwao, je, umeisha?

Akasema kiwanda walikifungua siku tano baada ya mazishi.

Sikusema kitu. Kunyamaza nako ni swali. Akaendelea mwenyewe: mwenye vitambaa alikuwa akipiga simu kila wiki, akamlipa. Mwenye nyuzi alituma mtu, akamlipa. Sisi tulisema tutangoja, na hatukuuliza tena. Akaona ni watu wasio na shida ya pesa, akatuheshimu kwa hilo, akatuweka mwisho.

"Basi tunaomba tarehe," nilisema.

"Wewe ni mhasibu wao?"

"Hapana. Dada mkubwa."

Akacheka, akasema hilo ni baya zaidi. Akataja tarehe thelathini ya mwezi huu, na kabla ya chakula cha mchana akaituma kwa maandishi. Bima sikuitaja.

Shemeji alisimama karibu na mapipa akitafakari. "Lakini pole yangu aliipokea," alisema hatimaye.

"Aliipokea," Kitinda alisema. "Alipokea pole na vifungo." Akawasha mashine.

Afisa tulimpelekea tarehe Jumatatu, siku mbili kabla ya mwisho. Wakala wao alikuwa ameshathibitisha kwamba baba alifariki kweli, na kwamba kiwanda kinafanya kazi kwa zamu mbili. Tarehe thelathini iko nje ya zile siku sitini, lakini kwa kuwa iliombwa kabla hazijaisha, ofisi imeikubali. Haikuikubali bure. Kiwango cha bima kwa mnunuzi huyo kimekatwa nusu mpaka malipo ya mzigo wa kwanza yaonekane benki. Kwa hiyo benki nayo imetoa mkopo wa nusu. Kitinda amemwandikia mnunuzi kwamba oda itakwenda kwa mafungu mawili, la pili baada ya tarehe thelathini, na mnunuzi amekubali bila ubishi. Magunia ya pembe yameanza kuingia tangu juzi.

Nisikufiche mashimo. Tarehe thelathini bado haijafika, na ahadi ni ahadi. Asipolipa, ofisi itasubiri miezi kadhaa kabla ya kumlipa Kitinda, na ile asilimia kumi na tano itakuwa imekwenda na maji. Tena bima hailipi ugomvi: mnunuzi akisema vifungo vimepasuka au seti haziendani, ofisi inakaa pembeni mpaka wao wawili wamalizane. Niliuliza mara mbili, jibu likawa lile lile. Kwa hiyo usalama wa mkopo huu unategemea pia macho ya wale wanawake wanne wa dirishani. Niliwatazama wakifanya kazi saa nzima, na kwa upande huo sina wasiwasi.

Jibu la ulichoniagiza basi ni hili: nyumba haiguswi. Benki imeandika hivyo, nimesoma karatasi zao zote hadi herufi ndogo za chini. Sahihi yako haihitajiki.

Nilidhani nimemaliza kazi. Nilikwenda karakana Ijumaa kumpa Kitinda habari hiyo, nikitaraji afurahi. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Akaniuliza kama kweli ulikuwa umenituma nichunguze. Nikasema ndiyo, sikuona sababu ya kumdanganya. Akaendelea kufuta mikono iliyokuwa imeshakauka.

"Serikali hainijui, imeniamini nusu," alisema. "Benki hainijui, imeniamini hiyo hiyo nusu. Na kaka?"

Nikamwambia kwamba mtu mwenye busara huuliza kwanza. Akasema anajua, hata yeye angeuliza. Bado alitaka kujua: kama ofisi ile isingekuwapo, ungetia sahihi?

Nimezoea kurudi na majibu, kaka, lakini hilo sikuwa nalo, na sikutaka kulikisia. Halina wakala wala ofisi ya ghorofani. Simu yake ni ile ile, na mchana saa sita mashine huzimwa. Mpigie.

Mengine ni madogo. Bati la jikoni tumelibadilisha. Jirani wa nyuma amenunua jogoo asiyejua saa. Mama anasema umtumie picha ya mapacha wakiwa wamesimama wima, amechoka kuwaona wamelala.

Nisalimie wifi kwa upendo, na mapacha mmoja mmoja ili wasigombane. Mfikishie salamu shangazi ukimwona, mwambie dawa yake ya kifua ilinisaidia ingawa ladha yake bado inanifuata. Shemeji anakusalimu na kukupa pole ya goti. Kitinda anakusalimu pia.

Mwenyezi Mungu akulinde kwenye lifti zenye kamba kukuu, alirudishie goti lako nguvu, na atujalie tuonane macho kwa macho Mama akingali na nguvu za kutugombeza.

Ni mimi nikupendaye daima,
Dada yako.